Wanakondoo wanene ndio wanaokufa: ni mashudu ya pamba, mahindi au kuna kingine?

#1 Zizi_la_Kayenze
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa haraka kwa wanaojua kulisha kondoo.

Kundi lina majike 34 wa kienyeji, wale wa mkia mnene, na wanakondoo 29 waliozaliwa wote ndani ya siku kumi. Tangu wiki ya tatu wanakondoo wanapewa chakula cha ziada kwenye kizuizi ambacho mama zao hawawezi kuingia. Mchanganyiko wa kilo 100 ni pumba za mahindi kilo 60, mashudu ya pamba 38 na madini ya ng'ombe ya unga 2. Kugawa ni kopo la lita moja kwa wanakondoo wanne, asubuhi tu, kabla mama hawajatoka machungani. Walipofika wiki ya sita pumba zikaadimika, mahali pake nikaweka mahindi yaliyoparazwa, vipimo vilevile.

Siku ya nne tangu mahindi yaingie, akafa wa kwanza. Ndani ya siku tisa wamekwenda watano: madume wanne na jike mmoja, na wote ni wale wakubwa kuliko wenzao. Jioni anaruka na kunyonya vizuri, alfajiri unakuta mzoga umepinda shingo kwa nyuma, povu kidogo mdomoni, hakuna kuhara kwa wengi. Nimepasua mmoja: maji ya njano kuzunguka moyo, ndani yake mabonge kama ute wa yai lililochemshwa. Figo laini. Tumbo limejaa chakula. Jirani anasema mashudu ya pamba yana sumu. Niyaache?

#2 Ngosha_wa_Magu
Yaache leo hii. Mbegu ya pamba ina gosipoli. Kondoo mkubwa anaistahimili kwa kiasi kwa sababu vijidudu vya tumbo lake la kwanza vinaifunga isiingie kwenye damu. Mwanakondoo wa wiki tatu tumbo hilo halijaanza kazi, kwa hiyo yeye na nguruwe hawana tofauti, sumu inapita moja kwa moja. Inashambulia misuli ya moyo, na moyo ukichoka maji yanajaa kifuani. Hayo maji uliyoyaona ndiyo ushahidi. Asilimia 38 kwa mtoto anayenyonya ni nyingi mno. Weka mashudu ya alizeti.

#3 Daktari_wa_Zizi
Ngosha, kuhusu umri nakubaliana na wewe, ila ratiba ya vifo inakukataa. Gosipoli hujikusanya polepole, wiki kwa wiki. Kabla ya kifo ungeona mwanakondoo anazubaa, anahema kwa nguvu akikimbia kidogo tu, anaacha kukua. Hawa walikuwa wakubwa kuliko wote. Tena walikula mashudu wiki tatu bila kifo hata kimoja, na vifo vikaanza siku ya nne ya mahindi.

Mimi naona figo laini, yaani enterotoksemia. Bakteria wa jamii ya klostridia aina D wanaishi utumboni mwa kondoo mzima bila kumdhuru. Wanga ukiingia mwingi kwa ghafla, sehemu unapita bila kumeng'enywa na kufika utumbo mdogo. Hapo wanazaliana kwa saa chache na kutoa sumu inayotoboa mishipa midogo ya damu, na maji yanavuja kwenye ubongo, mapafu na moyo. Ndiyo maana shingo inapinda na moyo unazungukwa na maji yenye mabonge. Hufa wanono kwa sababu wao ndio wanaonyonya sana na ndio wanaowasukuma wenzao horini.

Fanya hivi kuanzia kesho asubuhi:
– Ondoa mahindi yote. Siku mbili wale majani makavu tu na maziwa ya mama.
– Siku ya tatu rudisha pumba, gramu 30 kwa kila mmoja, zigawanywe asubuhi na jioni.
– Ongeza gramu 15 kila baada ya siku tatu, usizidishe gramu 120 kabla ya wiki tatu kuisha.
– Muulize mtaalamu wa mifugo wa kata kuhusu chanjo. Mwanakondoo huchanjwa mara mbili, dozi ya pili wiki nne baada ya ya kwanza, na kinga haiji siku ileile. Chakula ndicho kinachozima moto sasa. Msimu ujao wachanje majike wenye mimba wiki nne hivi kabla ya kuzaa, kinga ipite kwenye dang'a, yaani maziwa ya kwanza.

Halafu jambo moja zito. Mnyama aliyekufa ghafla usimpasue kabla hujamwangalia puani, mdomoni na sehemu ya haja. Ukiona damu nyeusi isiyoganda inatoka, acha, usiguse, huenda ni kimeta, nacho kinaua watu. Mizoga hiyo uliipeleka wapi?

#4 Mama_Mizani
Zizi la Kayenze, umesema "vipimo vilevile". Kuchanganya umepima kwa kilo, lakini kugawa umegawa kwa kopo. Hapo ndipo pa kuangalia.

Chukua kopo lako, lijaze pumba, kata juu kwa kijiti, pima. Utapata gramu 350 hadi 400. Likung'ute, lijaze mahindi yaliyoparazwa, pima tena. Utakuta karibu gramu 700. Mchanganyiko wako wa zamani kopo moja lilikuwa kama gramu 450, wanne wakigawana ni gramu 110 hivi kila mmoja. Mchanganyiko mpya kopo lilelile ni kama gramu 640, sawa na gramu 160 kila mmoja.

Uzito tu bado hausemi yote. Pumba zina wanga kama theluthi moja, mahindi yana theluthi mbili. Mwanakondoo aliyekuwa anapata gramu 20 za wanga kwenye sehemu ya pumba, siku iliyofuata amepata zaidi ya 60. Mara tatu, kwa usiku mmoja, na kopo halikubadilika. Tena hiyo ni hesabu ya anayekula fungu lake tu. Dume mkubwa anakula fungu lake na la mwenzake.

Nunua mizani ya kuning'iniza. Kila gunia jipya likifunguliwa, hata kama jina ni lilelile "pumba", lipimwe kopo upya. Pumba za mashine moja na nyingine hazilingani uzito.

#5 Kisiwani_Ukerewe
Mama Mizani umenifumbua macho, wabeja sana.

Swali kwa mwenye uzi: hori lina urefu gani? Mwanakondoo mmoja anahitaji sentimita 10 hadi 15 za ukingo. Kwa 29 ni mita tatu na nusu hivi, au hori la kulia pande zote mbili lenye urefu wa karibu mita mbili. Hori likiwa fupi, wadogo wanakula makombo na wakubwa wanakula sumu, hata kama mchanganyiko ni mzuri.

#6 Zizi_la_Kayenze
Asanteni sana. Hori ni bomba la plastiki lililopasuliwa katikati, mita moja na nusu, limeegemezwa ukutani, kwa hiyo linaliwa upande mmoja. Nimepima kopo jioni hii: pumba gramu 370, mahindi gramu 690. Mahindi nimeondoa tayari.

Mizoga miwili ya kwanza walipewa mbwa, mitatu imefukiwa.

#7 Chumvi_na_Chokaa
Mbwa wasipewe mzoga usiojulikana umekufa na nini. Na walio karibu na maji msitupe ziwani. Chimba shimo la kina cha mita moja na nusu au zaidi, mbali na kisima, mwaga chokaa juu ya mzoga kabla ya kurudisha udongo.

Nashangaa hakuna aliyegusa madini ya ng'ombe kilo 2. Soma nyuma ya mfuko: shaba ipo. Ng'ombe anaihitaji, kondoo inamuua. Ini la kondoo linashika shaba na kuiachia kwa shida sana. Inajaa kimyakimya, halafu siku moja mnyama akipata mshtuko, kama kusafirishwa, njaa au kubadilishiwa chakula, ini linaimwaga yote kwenye damu. Chembe nyekundu zinapasuka na mnyama anakufa ndani ya siku moja au mbili. Na hapa mshtuko upo, ndiyo hayo mahindi. Madini ya kuku na ya nguruwe ni yaleyale, usimpe kondoo. Samadi ya kuku ambayo watu wanachanganya kwenye chakula nayo mara nyingi imebeba shaba.

La pili, umesema madume wanne kati ya watano. Pumba na mashudu vimejaa fosforasi na kalsiamu ni kidogo. Kondoo anataka kalsiamu mara mbili ya fosforasi. Ikigeuka, mawe madogo kama chenga za mchanga yanajijenga kwenye kibofu, na dume njia yake ya mkojo ni nyembamba yenye kona, inaziba. Jike anapitisha. Kwenye mchanganyiko wako sioni chokaa hata gramu moja.

#8 Daktari_wa_Zizi
Chumvi na Chokaa, kwa chokaa umesema kweli tupu. Kila kilo 100 za pumba na mashudu ziwekwe chokaa ya mifugo kilo 2 na chumvi kilo 1, na maji yawepo muda wote. Lakini dume aliyeziba mkojo hafi usiku mmoja akiwa anaruka jioni. Anajikamua, anapiga teke tumbo, anatikisa mkia, anasimama kama anayetaka kukojoa na matone tu yanatoka. Hiyo ni siku mbili hadi nne. Na yule jike aliyekufa utamweka wapi?

Shaba nayo ina alama yake: macho na ufizi vinakuwa vya njano, mkojo rangi ya kahawa, figo nyeusi kama chuma. Mwenye uzi anasema figo laini, hakusema nyeusi.

#9 Chumvi_na_Chokaa
Hakusema nyeusi kwa sababu hakuulizwa. Zizi la Kayenze, figo ilikuwa rangi gani? Na mafuta ya ndani ya tumbo yalikuwa meupe au ya njano?

Halafu Daktari, usije ukasema wiki tatu hazitoshi kwa shaba. Kwa kondoo mkubwa ni kweli, huchukua miezi. Mwanakondoo anayenyonya utumbo wake unafyonza shaba mara nyingi zaidi ya mkubwa, kwa sababu tumbo la kwanza halijaanza kuifunga. Ni hoja ileile ya Ngosha kuhusu gosipoli.

#10 Ngosha_wa_Magu
Aisee leo nimepata wakili 😄 Wabeja, Chumvi.

Niongeze kwenye mashudu. Yanatofautiana. Yaliyokamuliwa kwa mashine ya moto, gosipoli nyingi imefungwa na joto. Yale ya kukamua bila moto, na mbegu nzima za pamba, zina gosipoli huru nyingi zaidi. Pia yapo yenye maganda mengi na manyoya: ukishika unaona nyuzi nyeupe, protini yake haifiki hata robo. Hayo wanakondoo wanayachambua na kuyaacha chini ya hori. Kwa kondoo mkubwa, kwa kipimo, sina ugomvi na mashudu ya pamba. Ukanda huu wote wa pamba ndiyo protini tuliyonayo karibu.

#11 Mzee_wa_Nyanguge
Vijana, someni dalili zote, msirukie gunia tu. Shingo kupinda nyuma, povu, maji kwenye mfuko wa moyo. Huo ni ugonjwa wa maji moyo, unaletwa na kupe mkubwa mwenye madoa ya rangi mgongoni. Kondoo na mbuzi wanaupata vibaya kuliko ng'ombe wa kienyeji. Mama wanatoka machungani na kupe, wanalala na watoto. Chakula kingebadilishwa au kisingebadilishwa, wangekufa.

Kagua masikio, kwapa na chini ya mkia. Pima joto kila jioni kwa kipimajoto cha haja kubwa. Kondoo mzima ni nyuzi 39 hadi 40 hivi. Ukikuta 41 na kitu, na anatembea akiinua miguu juu kama anayevuka matope, mchome oksitetrasaiklini ya asilimia 10, mililita 1 kwa kila kilo 10 za uzito, siku hiyohiyo. Akishaanza kupiga miguu amelala, dawa huwa imechelewa.

#12 Daktari_wa_Zizi
Shikamoo mzee. Nakiri kwamba maji ya moyo peke yake hayatenganishi. Enterotoksemia inayaleta, maji moyo yanayaleta, hata gosipoli inayaleta. Na "figo laini" nayo haitoshi, kwa sababu kwa joto la kwetu mzoga uliokaa saa nne tano figo yake inalainika hata kama mnyama amekufa kwa kugongwa na pikipiki.

Kinachotenganisha ni hiki:
Mkojo. Akifa mwingine, ndani ya saa moja au mbili pasua, tafuta kibofu, vuta mkojo kwa sindano, weka tone kwenye kijiti cha kupimia sukari kinachouzwa duka la dawa za binadamu. Sukari ikionekana kwa wingi, enterotoksemia inapata nguvu sana. Ikikosekana, haijafutwa.
Utumbo. Funga kwa uzi pande mbili kipande cha utumbo mdogo cha sentimita 20, maji yake yabaki ndani.
Kipande cha ini na figo moja nzima, kwa ajili ya shaba.
Kichwa. Maji moyo hupimwa kwenye ubongo, kwa hiyo usikitupe.
Kila kitu mfuko wake, barafu, na upeleke maabara ya TVLA, wakala wa maabara za mifugo, hapa Mwanza siku hiyohiyo. Usigandishe kuwa jiwe. Piga simu kwanza waseme wanapokea nini.

#13 Mzee_wa_Nyanguge
Marahaba mwanangu. Hapo sasa umesema.

#14 Binti_Sengerema
Samahani, mahindi yenyewe yalikuwa ya namna gani? Kondoo wazima wanastahimili sumukuvu kuliko kuku na nguruwe, ila wanakondoo hawana ustahimilivu huo. Vunja konzi moja ya punje uangalie kiini. Kama kuna kijani au kijivu, au vumbi linapanda ukimwaga, hayo hayafai hata kwa mama mwenye mimba.

#15 Zizi_la_Kayenze
Najibu yote pamoja.

Figo: nyekundu iliyofifia, si nyeusi. Mafuta: sikuangalia vizuri. Macho ya waliobaki si ya njano.
Kupe: wapo wachache masikioni kwa mama, wengine wenye madoa. Mara ya mwisho kuogesha ni wiki tano zilizopita. Ndama wa jirani wanalala zizi la karibu.
Joto la jioni hii: wanakondoo 24, wote kati ya 39.2 na 40.1, isipokuwa mmoja 40.9.
Mahindi: yalikuwa masalia ya mashineni, yale yanayofagiliwa, yameparazwa siku hiyohiyo. Yana vumbi. Kijani sijaona.

#16 Mzee_wa_Nyanguge
Huyo wa 40.9 mpime tena saa nne usiku na alfajiri. Usisubiri afike 42.

#17 Mama_Mizani
Masalia ya kufagia yana unga mwingi mwororo. Wanga wa unga unavunjika haraka tumboni kuliko wa punje iliyopasuliwa vipande vinne. Hapo inaingia sababu nyingine ambayo hamjaitaja, asidi. Tumbo likichacha, mwanakondoo anasaga meno, anasimama mgongo umekunjika, kinyesi kinakuwa kama uji wenye harufu ya chachu. Mwenye uzi amesema "hakuna kuhara kwa wengi" kwa maana ya wote watano, au wachache walihara?

Kwa mahindi ya kulishia mwanakondoo, paraza yawe makubwa, chekecha unga utoke, unga wape kuku. Na magadi ya kuumulia maandazi, kilo 1 kwa kilo 100 za chakula, yanasaidia kupunguza asidi wakati wa kuzoesha. Hayatibu.

#18 Kisiwani_Ukerewe
Wakati mnaendelea na kesi, jamani, aliyebaki na 24 atawalisha nini wiki ijayo? Naweka mchanganyiko usio na mashudu ya pamba, wenye ujuzi wakosoe:

Mahindi yaliyoparazwa, yaliyochekechwa: kilo 40
Pumba laini za mahindi: 20
Mashudu ya alizeti: 30
Dagaa waliosagwa: 7
Chokaa ya mifugo: 2
Chumvi: 1

#19 Mama_Mizani
Nimekokotoa. Mahindi protini asilimia 9, yanatoa 3.6. Pumba 10, zinatoa 2. Alizeti ya kukamuliwa na maganda yake nachukulia 26, inatoa 7.8. Dagaa nachukulia 55, inatoa 3.85. Jumla karibu 17. Kwa wa wiki sita, sawa kabisa.

Shida ni dagaa. Wale wa kuanikwa mchangani ni kilo ya dagaa na nusu kilo ya mchanga. Mimina konzi kwenye bilauli ya maji, koroga, subiri dakika moja uone kinachokaa chini. Harufu pia: wanakondoo wengi hususia hori siku mbili tatu. Ondoa dagaa, weka soya iliyokaangwa kilo 15, alizeti ishuke hadi 25, pumba 17. Protini inabaki ileile, na wanaila bila kunusa mara mbili. Soya mbichi usiweke.

#20 Binti_Sengerema
Na majani ya mti wa lukina yaliyokaushwa kivulini? Yapo bure kando ya kila barabara, protini ni zaidi ya asilimia 20.

#21 Chumvi_na_Chokaa
Lukina nzuri, ila isizidi theluthi ya anachokula kwa siku. Ina mimosini. Ikizidi, manyoya yanang'oka na tezi ya shingo inavimba. Anika hadi kijani kibaki na majani yang'oke yenyewe ukikung'uta tawi. Yakiwa ya njano umechelewa, protini imeondoka na jua.

Malando ya viazi vitamu yaliyonyauka nusu siku ndiyo chakula cha kwanza ningempa mwanakondoo wa wiki mbili. Laini, wanayapenda, tumbo la kwanza linaamka. Hayo hayana kesi.

#22 Mdau_wa_Igombe
Vipi kuhusu magugu maji? Ziwa limejaa, tunayakanyaga tu.

#23 Kisiwani_Ukerewe
Zaidi ya asilimia 90 ni maji, ndugu yangu. Kondoo atashiba kabla hajapata kitu. Ukikata mizizi, ukaanika siku mbili ukachanganya na pumba, mkubwa atakula kidogo. Yale ya karibu na mitaro ya mji usiguse, mmea ule unanyonya metali nzito. Na majani ya ukingoni yana konokono wanaobeba minyoo ya ini. Kondoo anayelishwa majani mabichi ya kandokando ya maji apewe dawa inayoua minyoo ya ini, si kila dawa ya minyoo inaigusa.

#24 Mdau_wa_Igombe
Kwa hiyo hao watano wa Kayenze haiwezi kuwa minyoo ya ini? Kayenze ni ziwani kabisa.

#25 Daktari_wa_Zizi
Kwa wiki saba hapana. Minyoo michanga inahitaji wiki kadhaa ndani ya ini kabla haijaua, na wa umri huo ameanza kula majani juzi tu. Kwa mama zao, ndiyo, wakaguliwe.

#26 Ngosha_wa_Magu
Narudi kwenye jambo ambalo uzi mzima umelipita. Kwa nini mwanakondoo wa wiki tatu akimbilie hori kwa njaa kiasi cha kusukumana? Kwa sababu mama hana maziwa. Sehemu kubwa ya ukuaji wa mimba inatokea wiki sita za mwisho, na kiwele kinajengwa hapohapo. Jike wa kilo 30 wa kienyeji kipindi hicho anataka gramu 200 hadi 300 za chakula cha ziada kila siku juu ya majani. Akinyonyesha mmoja, 300. Mapacha, 500, mara mbili kwa siku, na maji lita nne tano. Huyo mpe mashudu ya pamba, yeye tumbo lake linayaweza.

Zizi la Kayenze, weka kidole gumba juu ya uti wa mgongo nyuma ya mbavu za mwisho, vidole vingine viingize chini ya zile ncha za pembeni. Ncha zikichoma kama meno ya kitana na vidole vinapita chini bila kuzuiwa na nyama, amekonda. Kwa majike 34, wangapi wako hivyo?

#27 Mzee_wa_Nyanguge
Hapa Ngosha ameongea kama wazee wake. Zamani usingemwona jike anazaa Septemba bila ngitili. Eneo linafungwa mvua zikiisha, hakuna mnyama kukanyaga, linafunguliwa majani mengine yakishakwisha, na wanaoanza kuingia ni wenye mimba, wanaonyonyesha na watoto. Siku hizi ngitili imelimwa mpunga, halafu tunatafuta protini kwenye gunia.

#28 Mama_Mizani
Mzee, majani ya ngitili ya Septemba ni makavu, yanajaza tumbo na protini yake imeshuka. Bila mashudu kidogo juu yake mama bado anakonda. Vyote viwili viende pamoja.

#29 Mzee_wa_Nyanguge
Sijakataa mashudu, mama. Nimesema yasiwe peke yake.

#30 Zizi_la_Kayenze
Wakuu, taarifa. Leo siku ya tatu bila mahindi. Majike 19 kati ya 34 ncha zinachoma. Hori nimeliweka katikati, linaliwa pande zote mbili.

Yule wa 40.9 alifika 41.4 alfajiri ya jana, nikamchoma kama alivyoelekeza mzee. Leo ana 39.8 na ananyonya.

Lakini alfajiri hii amekufa mwingine. Ni jike mdogo, pacha, mwepesi kuliko wote, ambaye horini alikuwa hasogei kabisa. Shingo haikupinda. Ukope wa ndani ni mweupe kama karatasi. Damu puani au mdomoni hakuna.

#31 Ngosha_wa_Magu
Mweupe? Huyo ni minyoo ya tumbo inayonyonya damu, kama si njaa. Si kesi moja na wale watano.

#32 Chumvi_na_Chokaa
Au ni kesi moja na hatujaiona. Chukua ini kabla ya yote.

#33 Daktari_wa_Zizi
Zizi la Kayenze, amekufa saa ngapi na mzoga uko wapi sasa? Vaa glavu. Anza na kibofu, vuta mkojo kabla hujakata kitu kingine, maana ukikitoboa umepoteza kipimo. Kisha fungua tumbo la nne, lile la mwisho, limwagie maji kwenye sahani nyeupe uangalie nyuzi nyekundu na nyeupe zilizosokotana, urefu wa sentimita mbili hivi. Hesabu, kisha uniandikie idadi. Ini, figo, kipande cha utumbo kilichofungwa na kichwa viingie kwenye barafu sasa hivi, kabla jua halijapanda.

#34 Zizi_la_Kayenze
Amekufa kati ya saa kumi na kumi na moja. Yuko kivulini. Naanza na kibofu.